Fomu niliyokutumia usiku ule

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na wote wa nyumbani. Uliniuliza kwa nini nilitoka katika kundi letu la WhatsApp baada ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, nami nikakujibu kwa mkato. Leo nataka kukueleza sawasawa, kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu nawe pia.

Unazikumbuka zile siku sita kati ya tarehe 9 tulipopiga kura na tarehe 15 yalipotangazwa matokeo ya urais. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa ikiweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo cha kupigia kura, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na kila chombo cha habari kikawa kinazijumlisha kwa mpangilio wake. Basi, kati ya wagombea wawili wakuu, televisheni moja ikamwonyesha Raila Odinga akiongoza na nyingine ikamwonyesha William Ruto, ilhali zote zilisoma fomu zile zile. Kila mtu aliipiga picha skrini iliyomfurahisha akaituma, bila saa wala idadi ya vituo vilivyosalia.

Usiku wa pili nililetewa picha ya fomu yenye tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya, ikidaiwa kuwa ya kituo cha kwetu. Nilikutumia wewe, kisha mjomba. Tangu 2020 ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kusambazwa sana huweza kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja, lakini mjomba aliihifadhi picha ile katika simu yake akaituma upya kwa kundi la kanisa, ikaonekana kama imeanzia kwake. Walioipokea hawakuiamini fomu. Walimwamini yeye, mzee wa kanisa asiyejulikana kwa uongo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Asubuhi nilikitafuta kituo kile kwenye tovuti, nikaikuta fomu safi yenye tarakimu nyingine. Nilipoandika hivyo kundini, jibu pekee lilikuwa: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Hata Mahakama ya Juu ilipoeleza, Septemba 5, kwamba haikuona tofauti ya maana kati ya fomu za tovutini na zile halisi, hakuna aliyeigusa tena picha yangu. Niliona haya, nikatoka.

Tafadhali niandikie uliwatumia akina nani. Nataka kuwaeleza mwenyewe, mmoja mmoja, kabla ya uchaguzi wa 2027.

Wako wa daima.