Taka za hospitali huharibikia kando ya kitanda

Mhariri,

Sindano zikiokotwa jalalani au moshi ukiwafukuza majirani, lawama humwangukia mtu wa kichomea taka. Mara nyingi kosa limeshafanyika tangu asubuhi, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Rangi za ndoo zinajulikana: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa glavu na pamba zilizotumika, nyekundu kwa vilivyolowa damu na taka za maabara. Lakini boksi la sindano likiwa moja, tena mlangoni, hakuna semina itakayomfanya muuguzi mwenye wagonjwa 30 alifuate kila mara. Ataivisha sindano kifuniko chake, na hapo ndipo anapojichoma. Boksi lipande toroli, limfuate mgonjwa. La lita 5 huchukua mabomba ya sindano 100 hivi. Likifika robo tatu lifungwe. Wanaongoja lijae pomoni huishia kushindilia kwa mkono.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 ya taka za hospitali hazina madhara zaidi ya zile za nyumbani. Ganda la ndizi likitupwa juu ya pamba yenye damu, mfuko mzima umekuwa wa kuchomwa, na mafuta yanaliwa bure. Mipira ya dripu ya PVC (plastiki yenye klorini) na glavu zilizolowekwa kwenye jiki ndizo mbaya zaidi, kwa sababu klorini yake hutoa dayoksini, kemikali yenye sumu kali, moto ukiwa hafifu. Kichomea kinatakiwa kifike nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi. Vile vya matofali, vinavyolishwa taka mbichi siku za mvua, havifiki.

Anayeumia ni mfagiaji, mara nyingi wa kampuni ya usafi, asiyeitwa kwenye semina wala kwenye chanjo ya homa ya ini B. Asiyechanjwa akichomwa na sindano ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa hufika asilimia 30. Kwa VVU ni kama 0.3. Aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni, asilikamue, aripoti saa hiyo hiyo, maana dawa kinga za VVU hazianzishwi zikipita saa 72.

Hospitali zinapoandika mikataba ya usafi, ziweke glavu nzito, buti, na dozi ya kwanza kati ya 3 za chanjo ya homa ya ini B kabla mtu hajashika mfuko hata mmoja.

Afisa Afya Mazingira,
Morogoro