Meli iliyozuiwa Tema

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athumani,

Salamu. Huku tu wazima. Juzi nimekutana na mama yako Kongowea, kanibebesha maembe kisha akaniuliza mbona hupigi simu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wiki ya tatu gatini, mwenye meli hapokei simu, na karatasi ya mahakama imegandishwa kwenye kioo cha chumba cha usukani. Unauliza kama meli hukamatwa kweli kwa deni ambalo baharia halijui. Hukamatwa, bwana. Hata ya serikali ilikamatwa.

Unaikumbuka Libertad ya jeshi la majini la Argentina? Wenyewe huiita fragata, aina ya manowari, lakini usifikirie mizinga: ni milingoti mitatu na matanga ya mraba, urefu mita mia na kitu. Ilishushwa majini mwaka 1956, ikaanza kazi 1963, na kazi yake ni kuwazungusha makadeti duniani wakaijue bahari. Mwaka 1966 ilivuka Atlantiki ya Kaskazini kwa tanga, ikaweka rekodi. Chombo cha heshima zake.

Basi Oktoba 2012 ikafunga gati Tema, Ghana, kwa ziara ya kirafiki. Mara mahakama ikaizuia. Mdai ni NML Capital, mfuko wa uwekezaji ulionunua kwa bei ya kutupa hati za deni la Argentina, nchi iliyoshindwa kulipa mwaka 2001. Sasa ukataka zaidi ya dola milioni 370. Kadeti aliyekuwa shule ya msingi wakati huo, yamhusu nini?

Watu 281 wakarudishwa kwao kwa ndege ya kukodi ya Air France. Nadhani waliona ya kwao nayo ingenaswa. Nahodha Pablo Lucio Salonio akabaki na arobaini na kitu. Novemba bandari ikataka kuihamisha gati kwa lazima. Mabaharia wakasimama na bunduki, wale wakarudi nyuma. Hapo ndipo nilipowapenda.

Tarehe 15 Desemba Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg (Mtanzania James Kateka alikuwa mmoja wa majaji wake) ikaamuru iachiwe: kisheria ni manowari, na manowari ina kinga, haikamatwi. Januari 9, 2013 ikaingia Mar del Plata, Rais Cristina Fernández akiisubiri na umati.

Yenu ni ya mizigo, kinga hiyo hamna. Ila mshahara wa baharia ni deni linaloishika meli yenyewe, na kwa kawaida hulipwa kabla ya deni la benki. Kwa hiyo andika siku zako zote daftarini, piga picha mkataba, na usisaini karatasi yoyote inayosema umeshalipwa, hata ukiahidiwa tiketi ya ndege.

Mama nimemwambia mnangoja shehena ya saruji. Akikupigia, usinikane.

Wako,
Salim