Risala ya wahudumu wa afya ya jamii kwa mgeni rasmi, siku ya kifua kikuu

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa kata na vijiji, mganga wetu wa zahanati, wazee, wamama na vijana wote mliofika, kamwene!

Karibu sana mgeni rasmi na pole na njia, mvua za mwaka huu zimeila barabara ya huku milimani vibaya mno, we mwenyewe umeona.

Sisi ndo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale mnaotuona na mikoba begani tukipita nyumba kwa nyumba. Leo ni Machi 24, siku ya TB duniani, na ilichaguliwa tarehe hii kwa sababu Machi 24 mwaka 1882 daktari wa Kijerumani anaitwa Robert Koch aliwatangazia wenzake kule Berlin kwamba kamgundua mdudu anayeleta huu ugonjwa. Yaani dunia imejua ni mdudu tangu enzi za mababu zetu, ila huku kwetu mtu anakohoa miezi mitatu anaambiwa karogwa na shemeji yake kisa shamba la miti.

Mgeni rasmi, tulitaka tukueleze sisi wenyewe tunajua nini kuhusu TB, maana kila anayekuja anawapima wananchi uelewa, sisi tunaowafundisha hatuulizwi. Ukweli ni kwamba maarifa yetu yameegemea upande mmoja. Mwamshe yeyote kati yetu usiku wa manane atakutajia: kikohozi wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Hapo hatushikiki. Shida inaanza mgonjwa akija tofauti na ile orodha.

Chukua mtoto mdogo. Mtoto hatoi makohozi, anayameza, na wengine hata kikohozi chenyewe hakisikiki sana, yeye uzito tu haupandi, ananyong'onyea, hachezi, sasa mtaani wanasema kabemendwa, yaani kadhoofika kisa wazazi wamevunja mwiko wa unyumba, na wazazi wanaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe wakati babu wa humo ndani anakohoa tangu Krismasi. Swali la kwanza ingekuwa nani anakohoa humu ndani, lakini kwenye semina za siku moja watoto wanaguswa dakika za mwisho watu washaanza kuulizia chakula. Na mama akikwambia mwanangu alichanjwa, kovu hili hapa begani, inabidi uwe na jibu: ile chanjo ya BCG inamkinga mtoto na TB kali kama ile ya kwenye ubongo, haimaanishi hataugua TB maisha yake yote.

Halafu kuna TB zisizo za mapafu, tezi za shingo zinavimba, uti wa mgongo unapinda, huyo hakohoi kabisa na kwenye fomu zetu anapita kama mzima. Na kuna wenzetu wanaoishi na VVU, hao hatusubiri wiki mbili, kikohozi cha aina yoyote hata cha jana wanapelekwa kupimwa. Hili kwetu si la kupita juu juu kwani utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliiweka mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya juu kabisa kwa maambukizi ya VVU, na hayo magonjwa mawili yanatembea pamoja.

Sasa tuje kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, najua wazee mtacheka. Msimu ndo huu na vilabu vimejaa. Watu wengi wanaamini TB inaambukizwa kwa kupokezana kikombe, kwahiyo mgonjwa anatengewa kikombe chake, nyumbani anatengewa sahani, kijiko, hadi kigoda. Jamani kikombe hakina kosa! TB inasafiri kwa hewa, mtu akikohoa au kupiga chafya. Pale kilabuni hatari ni chumba chenyewe, dirisha limezibwa na mabanzi kwa sababu ya baridi, watu wamebanana humo tangu saa nane mpaka giza. Nyumbani hivyo hivyo, tunamtengea mgonjwa sahani halafu wote tunalala chumba kimoja madirisha yamefungwa. Fungueni madirisha, hata hiyo Juni na Julai mchana fungueni.

Na maziwa chemsheni, maana kuna TB ya ng'ombe nayo inampata binadamu.

Upande wa dawa tuko vizuri kidogo. Ni bure, ni miezi sita, miwili ya kwanza dawa nne kwenye kidonge kimoja cha mseto, minne inayofuata dawa mbili. Tunachokutana nacho ni kwamba mgonjwa anaona mkojo umekuwa rangi ya chungwa anadhani figo zimeharibika, anaacha kimya kimya, kumbe ni rangi ya dawa tu na angeambiwa siku ya kwanza asingeogopa. Mwingine wiki chache kapata nguvu, keshaondoka kwenda machimbo ya Chunya au kupasua mbao Mufindi, vidonge kaviacha juu ya kabati, akirudi ana TB sugu na hiyo matibabu yake ni mazito zaidi. Inauma kwa kweli, maana utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akisimamiwa, ambao baadae ulisambazwa duniani, mizizi yake iko hapa hapa Tanzania, kwenye kazi ya Dkt Karel Styblo na mpango wa taifa wa TB na ukoma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mgeni rasmi, maombi yetu. Posho tunaiacha, tumeisema kila mwaka na mnaijua. Tunaomba usafiri wa sampuli. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupima makohozi, inatoa jibu kwa masaa kama mawili, kopo la makohozi ndo linakaa siku nyingi likisubiri bodaboda na mafuta, mgonjwa anakata tamaa anaenda kwa mganga wa kienyeji ambaye majibu yake hayachelewi. La pili, badala ya semina ya siku moja mjini, tuachieni siku mbili tatu kila baada ya muda tukae zahanati na nesi wa TB, tuone watoto, tuone tezi, tuulize maswali ya kijinga bila projekta.

Mwisho wananchi, makopo yapo pale mezani kwa nesi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili achukue, atokee nyuma ya darasa la saba penye upepo, atoe makohozi kutoka kifuani na sio mate, na leo gari la mgeni rasmi linaondoka nayo, dereva ameshakubali.

Naomba kuwasilisha.