Mitambo ya upepo baharini isisifiwe bila kutaja matengenezo

Mhariri,

Makala za nishati katika magazeti yetu husifu ukubwa wa mitambo ya upepo inayosimikwa baharini, lakini ni nadra kueleza jinsi inavyotunzwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mradi utalipa. Shamba la Horns Rev 1, lililojengwa na Denmark katika Bahari ya Kaskazini mwaka 2002, lina mitambo 80. Mwaka 2004 vichwa vya mitambo yote, yaani sehemu za juu ya nguzo zenye mashine, vilishushwa na kurudishwa nchi kavu, kwa kuwa transfoma na jenereta zilikuwa na hitilafu.

Ugumu wenyewe uko kwenye kufika. Boti hukandamiza pua yake kwenye nguzo, injini ikiendelea kusukuma, ndipo fundi avuke na kushika ngazi. Mawimbi yakizidi takriban mita 1.5, boti nyingi husitisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa kawaida hupangwa majira ya joto, bahari inapotulia na upepo kupungua, maana mtambo ukiharibika katikati ya baridi unaweza kukaa wiki kadhaa bila kuguswa, tena wakati ule ule ambao ungezalisha umeme mwingi zaidi. Vipuri vikubwa na meli za kuvinyanyua haviagizwi siku ya hitilafu; ni lazima vipangwe mapema.

Nawasihi waandishi wenu, kila mradi wa namna hii unapotangazwa, waulize mpango wa matengenezo na bajeti yake.

Msomaji wenu,
Tanga