Risala ya Walimu Wanaosoma Uzamili kwa Njia ya Mtandao kwa Mgeni Rasmi, Tukuyu

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu;
Waheshimiwa Madiwani;
Maafisa Elimu Kata, Wakuu wa Shule na Walimu Wakuu;
Wenyeviti wa Kamati za Shule, wazazi na walezi;
Walimu wenzangu na wanafunzi wetu.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika licha ya mvua na utelezi wa barabara zetu. Kwa lugha ya wenyeji wa hapa, ndaga fijo.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni walimu wa shule za msingi na sekondari tunaosoma stashahada na shahada za uzamili katika kuwasaidia wanafunzi wenye ugumu wa kujifunza. Tunasoma kwa njia ya mtandao, jioni na mwisho wa wiki, huku tukiendelea kufundisha. Wengi wetu bado hatujahitimu, kwa hiyo leo hatuna mahafali. Tumekuita uone tunachojifunza kinavyofika darasani, na usikie maombi yetu, ambayo mengi hayahitaji fungu la bajeti.

Likitajwa suala la mahitaji maalumu, haraka watu hufikiria fimbo nyeupe, lugha ya alama na kiti cha magurudumu. Watoto hao wana haki zao, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawalinda. Tunaowazungumzia sisi ni vigumu kuwatambua kwa macho. Mtoto anaona, anasikia, anacheza mpira vizuri, na maswali ya mdomo anajibu, lakini mpe kitabu, anakwama. Ugumu huo ukiwa katika kusoma huitwa disleksia, ukiwa katika hesabu huitwa diskalkulia. Unatokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti, herufi au namba, na mara nyingi hujirudia katika ukoo. Si uvivu, wala mtoto hajarogwa. Hilo la kurogwa tunalitaja kwa makusudi, maana bado tunalisikia kwenye vikao vya wazazi.

Yupo mtoto wa Darasa la Tatu katika mojawapo ya shule zetu aliyekuwa akisifiwa kwa kusoma. Akifungua ukurasa wenye picha ya ng'ombe anatiririka bila kukosea. Mwalimu wake, akiwa ndiyo kwanza amemaliza somo la upimaji kwenye simu yake, aliifunika picha kwa kiganja na kumwomba asome mstari wa pili peke yake. Mtoto akanyamaza. Alikuwa ameshika ukurasa mzima kwa kichwa kwa kuwasikia wenzake. Mtoto huyohuyo, Jumamosi, humsaidia mama yake kuuza ndizi sokoni na hutoa chenji ya noti ya elfu kumi bila kalamu. Asingefunikiwa ile picha, angefika Darasa la Nne akiwa hajui kusoma, na tungesema ameharibikia huko.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa pana jambo ambalo vitabu vya kozi zetu havilimalizi, kwa sababu vingi viliandikwa kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Tafiti za lugha zenye tahajia ya namna hiyo, kama Kijerumani na Kiitaliano, zinaonyesha kwamba mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma maneno kwa usahihi, ila kwa mwendo wa polepole sana. Kipimo kinachohesabu makosa tu kitampitisha. Ndiyo maana sisi tunapima pia kwa saa ya simu: maneno mangapi kwa dakika, na ni wapi anasita. Mara nyingi anasita kwenye silabi zenye konsonanti zilizorundikana, kama mbwa, ng'ombe na kunywa. Akifika Kidato cha Kwanza, masomo yakageuka Kiingereza, ambacho herufi zilezile husomwa kwa sauti tofauti kila baada ya neno, kile kidogo alichojengea kinabomoka. Walimu wa sekondari tulio hapa tunawapokea watoto hao kila mwaka, na kwa miaka mingi tumewaita wazito.

Liko na la pili, la huku kwetu hasa. Mtoto aliyekulia Kinyakyusa au Kisafwa anakutana na Kiswahili cha vitabuni darasani. Akichelewa kusoma, je, ana disleksia au hajaizoea lugha? Mwalimu asiyejua kutofautisha atamwekea alama ya ulemavu mtoto mzima, au atamwacha mwenye shida akidhani ataizoea tu. Njia tuliyojifunza ni kuanza na masikio kabla ya kitabu, na kwa lugha ya nyumbani kwake: apige makofi kwa kila silabi ya neno analolijua, ataje neno linaloanza kwa sauti ileile. Akiweza kwa Kinyakyusa, huenda anachohitaji ni Kiswahili zaidi. Asipoweza hata huko, tunachunguza zaidi. Na kabla ya yote apimwe macho na masikio, jambo ambalo tukiri linarukwa sana.

Kuhusu kusoma kwa mtandao, tunajua wapo wanaolitilia shaka. Masomo ya mbali si mageni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimewaandaa walimu wengi wa elimu maalumu na tunakiheshimu, lakini mwalimu akienda masomoni miaka miwili, darasa lake hubaki na nani? Mwalimu anayesoma akiwa kazini anafundishwa jambo Jumatano usiku na kulijaribu Alhamisi asubuhi kwa mtoto anayemfahamu kwa jina. Uingereza, mwaka 2009, iliweka sharti kwamba mwalimu mpya anayeratibu mahitaji maalumu shuleni apate sifa ya ngazi ya uzamili ndani ya miaka mitatu, akiwa yuko kazini. Hatusemi tuige kila kitu cha kwao. Tunasema wazo la kujifunzia kazini halikubuniwa na wavivu wa kusafiri.

Mazingira yetu unayajua. Umeme ukikatika siku mbili, simu zinazima. Video za mihadhara tunazipakua kwa bando la usiku. Kazi tunazopewa na wakufunzi huhitaji kompyuta, na wengi tunaziandika kwa vidole gumba. Kuna mwenzetu aliyelipa ada kwa chuo cha mtandaoni, akaja kugundua kwamba cheti chake hakitatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tangu hapo hatumruhusu mwanakikundi kulipa hata shilingi kabla ya kuuliza TCU.

Maombi yetu kwako, Ndugu Mgeni Rasmi, ni haya. La kwanza ni vibali vya masomo: mwalimu anayesoma kwa mtandao atambulike kuwa yuko masomoni, ingawa hajaondoka kituoni, ili akihitimu sifa yake iingie kwenye jalada lake bila mizunguko. La pili, shule yenye kompyuta iruhusiwe kutufungulia chumba baada ya vipindi. Umeme tutachangia wenyewe. La tatu ndilo tunalolililia zaidi: ratiba. Kazi ya kumsaidia mtoto mmoja mmoja haifanyiki wakati wa mapumziko huku wengine wakila. Tunaomba walau vipindi viwili kwa wiki, vilivyoandikwa kwenye ratiba ya shule, vyenye mwalimu na chumba. Na vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, viturahisishie kuwafikishia wenzetu haya tunayosoma, maana mtoto mwenye disleksia anafundishwa na walimu wote wa shule, si sisi tu.

Ukimaliza hotuba yako tunaomba upite kwenye meza iliyo kulia kwako. Utaona trei la mchanga ambamo mtoto huandika herufi kwa kidole huku akiitamka, na vipande vya manila vyenye dirisha dogo la kusomea neno moja kwa wakati. Vyote vimetengenezwa na wazazi. Katibu wetu atakukabidhi hapohapo orodha ya walimu wanaosubiri vibali, kila mmoja na kozi yake.

Naomba kuwasilisha.