Marahaba mwanangu, huyo mwenye shanga usoni ni Mazu

Marahaba. Picha yako nimeiona jana baada ya Isha, bando lilikata ikabidi nimsubiri mdogo wako arudi na simu yake. Unauliza ni nani huyo mama mwenye taji lenye shanga zinazoning'inia mbele ya uso, mbona hapo Xiamen kila ukigeuka yupo. Ni Mazu, mungu wa kike wa bahari wa Wachina. Mimi Xiamen sijawahi kushuka ila huyo namjua, nimesafiri naye miaka miwili.

Kwenye ile meli ya mizigo mpishi wetu alikuwa mtu wa Taiwan, na juu ya friji ya jikoni aliweka kisanamu chake kakifunga na waya wa umeme ili meli ikilala kisidondoke. Asubuhi anakiwekea chungwa, jioni lile chungwa anatugawia. Mimi nilikuwa nalikataa kwa adabu, sababu unaijua, lakini hadithi nilikuwa naomba mwenyewe.

Wanasema alikuwa binadamu kabisa, binti wa ukoo wa Lin kisiwa cha Meizhou, mkoa huohuo wa Fujian ulipo wewe. Kazaliwa mwaka 960 na hakulia hata kidogo, ndo wakamwita Mo, yaani kimya (wewe ulilia mpaka wodi ya pili wakaja kuchungulia). Siku moja baba yake na kaka zake wako baharini, tufani ikavuma, yeye yuko nyumbani anafuma kitambaa, mara kichwa kikaangukia kwenye mtambo kama kazimia. Kumbe roho imewafuata baharini, huyu kamshika mkono, yule kambana kwa meno. Mama yake akaingia, akaona mtoto kama maiti, akamtikisa huku anamwita jina. Mtoto akafungua mdomo kuitika, na yule kaka wa kwenye meno akaenda na maji. Mpishi akifika hapo anaacha kumenya vitunguu. Mimi namfikiriaga yule mama mpaka leo, manake hata mimi ningekukuta hivo ningekutikisa tu.

Alifariki 987, hajafika hata 30, wengine wanasema alipanda mlimani akapaa. Baada ya hapo mabaharia wakaanza kumuona kwenye dhoruba, na wafalme nao wakaanza kumpandisha vyeo, Kublai Khan, yule Mmongolia aliyetawala China, 1281 kamfanya Tianfei, mke wa mbinguni, baadae akawa Tianhou, malkia kabisa. Hata Zheng He, mkuu wa meli za mfalme wa China, ambaye kwao walikuwa Waislamu na meli zake zilifika mpaka huku kwetu Malindi, mwaka 1431 alisimamisha jiwe Changle, hapo hapo Fujian, limeandikwa shukrani kwa huyu mama, kwamba tufani ikizidi wakimuita taa inawaka juu ya mlingoti na bahari inatulia.

Sasa sikia hili. Usiku mmoja bahari ilichafuka sufuria zinaruka, mpishi akawa anapiga kelele Mazu! Mazu! Kesho yake nikamuuliza mbona humuiti kwa kile cheo kikubwa cha malkia. Akacheka, akasema ukimuita Tianhou itabidi kwanza avae joho, aweke taji, apange wasaidizi, we utakuwa umeshazama. Mazu ni kama kumuita bibi wa nyumbani, anatoka hivohivo nywele hajachana.

Mwezi wa tatu wa kalenda yao ya Kichina, tarehe 23, ndo sikukuu yake. Mpishi alikuwa anaililia hiyo likizo, kwao Taiwan wanatembea na machela yake siku tisa, zaidi ya kilomita 300, na watu wanajilaza barabarani ili ipite juu yao wapate baraka.

Wenzako wakikualika hekaluni nenda ukaone, imani yako unayo. Kizingiti usikikanyage, ruka. Vile vibao viwili vyekundu vya umbo la mwezi usivichezee, ndo wanavyomuulizia maswali, kimoja kikiangukia bapa na kingine mgongo amekubali.

Na wewe acha kuniandikia "mpendwa baba mzazi, natumaini u buheri wa afya" ndo siku ya tatu uniambie ulikuwa unaumwa. Andika "baba" tu, ntapiga saa hiyohiyo hata kama niko na msuli.

Mama anauliza lile jaketi limekutosha?