Kadi Ninayo, Mbona Mnanipima Grupu Tena?

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja alisimama mlangoni kwa maabara yetu hapa Ngamiani, Tanga, akatangazia barabara nzima kwamba sisi ni wezi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, daktari wake alitaka grupu la damu lihakikishwe kabla ya upasuaji waliopanga, na kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa O chanya. Sisi tukapata O hasi. Kaka akafunga hesabu papo hapo: tumembadilishia mkewe damu kwenye karatasi ili auziwe sindano ya anti-D, ile wanayochomwa wajawazito wenye damu hasi.

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliondoka. Malalamiko ya namna hii hayapiti mwezi bila kurudi kwa sura nyingine, kwa hiyo naandika mara moja, anayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Sindano ya anti-D hatuiuzi, hata kwenye friji yetu haimo. Damu nayo hatuuzi. Inakusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama na haina bei. Tunachotoza ni kupima.

Sasa kadi. Kliniki nyingi hupima grupu kwenye kigae: tone la damu, dawa za kupimia (anti-A ya bluu, anti-B ya njano, anti-D isiyo na rangi), unachanganya, unatikisa, unasoma ndani ya dakika mbili. Njia hiyo si mbaya. Ila siku yenye foleni ya akina mama arobaini, kigae kikisahaulika kidogo karibu na dirisha, tone linakauka pembezoni, chembe zinajikusanya, na macho yaliyochoka yanaona zimegandana. Inaandikwa chanya. Nimewahi kulifanya kosa hilo nikiwa mwanafunzi na nilisahihishwa kwa kelele, kwa hiyo simcheki mtu.

Sisi tunapima kwenye testi tyubu, mbele na nyuma. Mbele ni kuziuliza chembe nyekundu zina nini juu yake. Nyuma ni kuchukua plazima, yaani majimaji ya damu, ya mteja yuleyule na kuikutanisha na chembe za A na za B tunazozijua. Majibu mawili yasipokubaliana, hakuna karatasi inayotoka hapa, hata mteja akipiga meza. Upande wa anti-D, unaoamua chanya au hasi, tunaweka na tyubu ya kulinganishia, na ikitoka hasi kwa mjamzito tunaendelea mbele kutafuta D dhaifu. Kwa mke wa yule kaka tuliomba sampuli ya pili, ikachukuliwa na mwenzangu kutoka mkono mwingine, na wawili tukasoma kila mtu kivyake. O hasi. Hayo yote kwa shilingi 5,000, na ile sampuli ya pili hatukumtoza.

Kwa nini ibishaniwe hivyo herufi moja? Tofauti ya A na B, ukiiangalia kwa undani, ni sukari moja tu ya mwisho kwenye mnyororo ulioshikana na chembe nyekundu. Mwenye O hana hata moja kati ya hizo mbili. Karl Landsteiner aliyaona magrupu haya Vienna mwaka 1900 kwa kuchanganya damu za wenzake wa maabara, na hadi leo kazi yetu ya asubuhi ni hiyohiyo. Ajabu ni kwamba mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya A au B usiyokuwa nayo bila kuwahi kuongezewa damu ya mtu, kwa sababu vijidudu vya tumboni vina sukari zinazofanana nazo. Mtoto anaanza kuzitengeneza akiwa na miezi michache. Ndiyo maana mtu wa O akiwekewa damu ya A, mapambano yanaanza na mililita za mwanzo: baridi, mgongo kuuma, mkojo mweusi, figo kugoma.

D, alama inayomfanya mtu aitwe chanya, ni habari nyingine. Mtu hasi hana kingamwili za D mpaka akutane nayo, ama kwa kuongezewa damu, ama kwa mimba. Mama hasi akizaa mtoto chanya, damu kidogo ya mtoto inaingia kwake na mwili wake unaweza kujifunza. Si kila mama. Bila sindano ni kama mmoja kati ya sita. Mtoto wa kwanza kwa kawaida anatoka salama, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kingamwili hizi ni za aina inayopitishwa kwenye kondo la nyuma, zikamfuata mtoto wa pili au wa tatu tumboni na kuvunja chembe zake. Anazaliwa na manjano kali, au anahitaji kubadilishiwa damu yote, au hazaliwi hai.

Sindano ya anti-D hutolewa kwenye wiki ya 28 hivi na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na pia mimba ikitoka. Inazuia mwili usijifunze. Ukishajifunza, sindano hata kumi hazifuti. Ndiyo sababu kabla ya sindano tunapima kwanza kama kingamwili zimeshaingia, kipimo cha Coombs, shilingi 30,000, ambacho ndicho watu wanachokiruka. "Tutapima akishazaa, tuone kwanza mtoto ni grupu gani." Mama mmoja kutoka Muheza alituletea hesabu hiyo kwenye mimba ya tatu. Ya kwanza mtoto mzima, ya pili manjano iliyoitwa malaria, sindano hakuwahi kupata. Tulipopima, tyubu ilishikamana kama ugali uliopoa. Nauli na vitanda vya rufaa walivyolipa baada ya hapo vingenunua Coombs za ukoo mzima.

Na 30,000 inaenda wapi? Chembe za kupimia kingamwili zinatoka nje ya nchi, zinasafiri kwenye baridi, na zikishatoka kiwandani zina uhai wa wiki chache tu. Tukipata wateja watatu kwa mwezi, watatu hao ndio wanaolipia chupa nzima, zinazobaki namwaga. Umeme ukikatika usiku naamka kuwasha jenereta kwa ajili ya friji. Yupo jirani anayepima "Coombs" kwa bei nusu ya yangu. Sisemi lolote, ila muulize chembe zake zinaisha muda lini.

Malalamiko ya pili ni ya krosimachi, yaani kuikutanisha damu ya mfuko na ya mgonjwa hapa maabara kabla hajaongezewa. Vituo vya afya viwili vya binafsi hutuletea sampuli ya mgonjwa pamoja na vipande vya mrija wa mfuko wa damu, na ndugu wanakaa nje wakihesabu dakika. Grupu linajulikana, damu ipo, mnasubiri nini? Tunasubiri kwa sababu kulinganisha grupu kwa haraka kunakamata makosa ya ABO tu. Nje ya ABO na Rh (ukoo wa ile D) zipo antijeni nyingine nyingi, yaani alama za juu ya chembe, Kell, Kidd, Duffy na ndugu zao, na kingamwili zake hazijioneshi mpaka mchanganyiko ukae kwenye joto la 37, chembe zioshwe mara tatu kwa maji ya chumvi, itiwe dawa ya Coombs na izungushwe tena. Ukiruka kuosha vizuri, dawa inaharibika na kila kitu kinaonekana salama. Kwa hiyo kila tyubu inayotoka hasi tunaitia chembe za kuhakikisha kwamba dawa ilifanya kazi. Saa moja, mambo yakienda sawa.

Yasipoenda sawa ni kama siku ya yule binti wa selimundu. Wingi wa damu ulikuwa umeshuka hadi gramu 4 kwa desilita, grupu B chanya, mifuko ya B chanya ilikuwepo. Wa kwanza ukashikamana. Wa pili ukashikamana. Mama yake akaniambia machoni kwamba navuta muda ili niongeze bili. Fomu ilisema hajawahi kuongezewa damu. Nikamkalisha, nikamuuliza taratibu, akakumbuka kuongezewa mara moja, halafu mbili, kufika jioni zilikuwa sita, hospitali tatu tofauti. Hakusema kwa sababu alidhani mtoto akionekana ameongezewa sana atakataliwa. Mfuko wa nne ndio uliokubali. Nilimtoza krosimachi ya mfuko mmoja, 15,000, na gharama ya kupima mitatu iliyokataa nikaimeza mwenyewe.

Nikamwandikia karatasi: mtoto huyu ana kingamwili, krosimachi ya Coombs kila mara. Usitupe karatasi kama hiyo. Kingamwili hupungua miaka ikipita hadi kipimo kisizione, kisha mgonjwa akiwekewa damu yenye antijeni ileile zinafufuka. Siku tano, siku kumi baadaye macho ni ya njano na damu imerudi palepale ilipokuwa, na kila mtu anasema damu ya siku hizi haikai.

Njia ya mkato ninayoiogopa kuliko zote haina hata kemia. Ni sampuli isiyo na jina. Mpwa ni nesi, anamtoa mgonjwa damu nyumbani, tyubu inakuja mfukoni, jina linaandikwa hapa kaunta. Tunakataa na tunatukanwa. Bodaboda mmoja aliwahi kuleta tyubu mbili za wanawake wa wodi moja, majina sawa hadi la baba, hazina namba wala tarehe ya kuzaliwa. Nilizirudisha zote mbili. Zilipochukuliwa upya, mmoja alikuwa A na mwingine B.

Wanaume pia: "Mimi ni O, nawapa wote, nitoeni mumwekee mke wangu sasa hivi." Moyo mzuri, lakini hapana. Lazima damu ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, na isitoshe mke aliyekuzalia anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya vitu vyako mwenyewe, alivyojifunza kupitia watoto wako. Nenda ukachangie kwenye damu salama, atapewa ya mwingine. Na wanaotaka grupu la mtoto ili wamhukumu mke, milango iko wazi kwenda kwingine.

Yule kaka alirudi baada ya siku tatu na mkewe. Coombs yake ilikuwa safi, bahati tupu, maana mtoto wao wa kwanza alizaliwa mama hana sindano. Hakuomba radhi. Aliuliza kama naye tunaweza kumpima, tukampima, O chanya, akalipa 5,000 na kuomba risiti.

Sampuli za krosimachi tunapokea hadi saa kumi jioni. Ziwe na majina matatu, namba ya faili, tarehe na saa, vilivyoandikwa kitandani kwa mgonjwa. Kama ameongezewa damu au kubeba mimba ndani ya miezi mitatu, sampuli iliyopita siku tatu hatuitumii, msituletee ya wiki jana. Kadi ya zamani njoo nayo, tutaisoma, halafu tutakuomba mkono.